Somo: Kuchagua chuma cha kuvutia trela, na kukubaliana juu ya uzito



Somo hili linahusu jambo linaloonekana kuwa la garaji tu, kumbe linagusa uhai wa watu na maelewano kati ya familia. Familia zinapohama, au zinaporudi vijijini, kamati inaweza kukodi jeep moja na kufunga trela nyuma yake, ibebe maturubai, mabati, mifuko ya chakula na matangi ya maji. Trela ikichomoka kwenye mteremko kama ule wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, haichagui itakayemgonga. Na baada ya ajali huja maneno: nani alijaza kupita kiasi, mizigo ya nani ilipendelewa, dereva ni wa kabila gani. Tunataka kila kamati iweze kuuliza maswali yanayofaa kabla gari halijaondoka.

1. Tuanze na uzito

Kabla ya kuchagua chuma, jueni kitakachovutwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo bidoni ya lita 20 ina kilo 20, na tangi la lita 1,000 lina kilo 1,000 za maji peke yake. Trela tupu ikiwa na kilo 400, jumla inapita kilo 1,400. Mifuko ya maharagwe na mihogo ipimwe kwa mizani ile ile ya kugawia chakula, isikadiriwe kwa macho.

Sasa someni kitabu cha gari. Jeep nyingi kubwa zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini kwa sharti kwamba trela ina breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki, kipimo kwa kawaida ni kilo 750 tu. Maana yake, lile tangi la lita 1,000 halifai kuwekwa kwenye trela isiyo na breki, hata kama injini ina nguvu ya kulivuta. Kuvuta si kazi ngumu; kazi ngumu ni kusimamisha. Tena tangi lisilojaa ni hatari zaidi, kwa sababu maji hukimbia mbele na nyuma na kulisukuma gari kwenye kona.

2. Kilicho dhaifu ndicho kinachoamua

Kuna vitu vinne: gari, chuma cha kuvutia, kiungo kinachoshika trela, na trela yenyewe. Kila kimoja kina kipimo chake. Gari likiruhusu kilo 3,500 na chuma kikiruhusu 1,500, basi mwisho wenu ni 1,500. Chuma kilichotengenezwa kiwandani huwa na kibandiko au bamba dogo lenye vipimo hivyo. Mtaona herufi S, yaani kilo zinazoweza kukandamiza chuma kutoka juu, na herufi D, yaani nguvu ya mvuto ambayo chuma kinaweza kuhimili. Kisicho na bamba, muuzaji awaeleze kilitoka wapi na kilitengenezwa kwa gari gani. Asipoweza, kiacheni.

3. Aina tatu

Ya kwanza ni chuma chenye kichwa cha mviringo kilichofungwa moja kwa moja. Kichwa hiki huingia ndani ya kikombe cha trela. Ni rahisi kutumia na kinafaa barabara za kawaida.

Ya pili ni bomba la pembe nne chini ya gari, ambamo mkono wa kuvutia huchomekwa na kufungwa kwa pini. Uzuri wake ni kwamba mkono unaweza kubadilishwa ili trela isimame sawa, isiinamie mbele wala nyuma. Pini ile isipofungwa vizuri, kila kitu huchomoka.

Ya tatu ni ndoana yenye mdomo unaofungwa, ikishika pete ya trela. Hupiga kelele na kugongagonga, lakini huvumilia barabara yenye mashimo makubwa, mahali gari linapoinama upande huu na trela upande ule.

Kichwa na kikombe lazima viwe vya kipimo kimoja. Kipimo cha Ulaya ni milimita 50. Vya Marekani hupimwa kwa inchi, na vipo vya milimita 47.6, 50.8 na 58.7. Kikombe cha 50.8 kikiwekwa juu ya kichwa cha 47.6 kitaonekana kimefunga, kisha kitaruka kwenye shimo. Kichwa cha 50 kikilika hadi 49, kibadilishwe.

4. Kagueni kabla ya kulipa

Laleni chini ya gari mtazame. Chuma kifungwe kwa boliti kwenye shasi, kamwe kisifungwe kwenye bampa. Kusiwe na ufa, wala alama ya kuchomelewa shingoni, wala dalili kwamba kilipinda kikanyooshwa kwa moto. Pawepo minyororo miwili ya usalama, ikipishana chini ya mkono wa trela, ili kiungo kikiachia, mkono huo udakwe usichimbe barabara. Baada ya safari ya kwanza, kazeni boliti tena.

5. Kupanga mizigo

Mizigo mizito iwe chini, karibu na magurudumu ya trela, ikisogea mbele kidogo. Pua ya trela ikandamize chuma kwa sehemu 5 hadi 7 katika kila 100 za uzito wote. Kwa trela ya kilo 1,400 ni kilo 70 hadi 98, ikiwa bamba la S linaruhusu. Wekeni mizani chini ya pua, trela ikiwa sawa, mtajua. Ikiwa nyepesi mno, trela huyumba. Ikiwa nzito mno, magurudumu ya mbele ya gari huinuka na usukani hupoteza nguvu. Na hakuna mtu wa kupanda juu ya trela, hata mtoto, hata kwa safari fupi.

6. Kukubaliana mbele ya wote

Andikeni kipimo kwenye karatasi, kisomwe mbele ya familia zote, za wakimbizi na za wenyeji. Chagueni watu wawili wa kupima, kutoka pande mbalimbali. Pangeni zamu kabla ya kupakia: kwanza wagonjwa, wajane na wazee wasiojiweza. Dereva awe na haki ya kukataa mfuko mmoja zaidi, hata ukiwa wa chifu au wa mjumbe wa kamati. Kipimo kikijulikana na wote, dereva akikataa mzigo hakuna wa kusema amedharauliwa, na safari ya pili haiwi sababu ya ugomvi.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, gari tunalokodi lina chuma chenye bamba? Limeandikwa nini?
2. Trela yetu ina breki? Nani alizijaribu mara ya mwisho?
3. Nani kati yetu hupakia mizigo bila kupimwa, na tutamwambiaje kwa heshima?
4. Ikiwa safari moja haitoshi, familia zinazobaki zitalindiwa vitu vyao na nani?