Dondoo muhimu: Muuguzi wa Kisegi na masomo ya kompyuta

Mwaka 2005, shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kutumia kompyuta kuwafundisha wauguzi wa ngazi ya cheti, wapate diploma bila kuacha wodi. Njia hiyo bado inamfaa muuguzi wa Kisegi, Homa Bay, anayekaa mbali na chuo.

Kabla ya kujiandikisha, liulize Baraza kama kozi ina pointi za kuhuisha leseni. Si kila cheti cha mtandaoni kinahesabiwa.

Simu inatosha, programu ya Jibu ya Amref iliundwa kwa ajili hiyo. Mtandao ukitulia, labda alfajiri, pakua somo zima ulisome hata bando likiisha.

Lakini video haizoeshi mikono, na hapa ndipo wengi huishia njiani. Ukimaliza somo la kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, siku hiyohiyo shika mfuko wa kupumulishia, ufanye mazoezi kwa mwanasesere pamoja na mwenzako wa zamu. Rudieni kila mwezi. Ujuzi huu hufifia upesi, na mtoto huyo hana dakika za kusubiri ukumbuke.

Vyeti vihifadhi kwenye barua pepe, simu hupotea.