Tembo metisi ni tembo: somo kwa wenye mashamba kando ya Virunga



Katika mikutano yetu ya msimu uliopita upande wa Beni, swali moja lilirudi mara nyingi kuliko hata lile la bei ya kakao, na ninyi mnajua hilo si jambo dogo. Ni swali la tembo. Kuna wakulima wanaosema kwamba tembo wanaoingia mashambani siku hizi si wale ambao wazee waliwajua. Mmoja alisimama akasema: "Ile haiko tembo ya kweli. Ni metisi. Sheria inalinda tembo, metisi haiko ndani. Tuiue, tumalize mambo." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza: "Na mukisha kuua huyo, wenzake wakirudi kesho, mutafanya je?" Siku ile hakuna aliyemjibu.

Somo hili ni la kumjibu mama yule, na pia yule ndugu wa kwanza, maana katika maneno yake kuna kitu cha kweli. Metisi wako.

Tunaishi kwenye mshono

Afrika ina tembo wa aina mbili. Kwa miaka mingi walihesabiwa kama aina moja, lakini mwezi Machi 2021 UICN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, uliwatenganisha katika orodha yake ya wanyama walio hatarini. Tembo wa savana amepungua kwa angalau asilimia 60 katika miaka 50. Tembo wa msitu amepungua kwa zaidi ya asilimia 86 katika miaka 31, na amewekwa kwenye daraja la hatari ya juu kabisa, hatua moja kabla ya kwisha porini.

Ukiwaona wote wawili mahali peupe, mchana, utawatofautisha. Tembo wa savana ni mkubwa zaidi, masikio yake ni mapana, pembe zake zimepinda kuelekea mbele. Yule wa msitu ni mdogo, masikio ni ya mviringo, pembe zimenyooka na zinaangalia chini, jambo linalomsaidia kupita kwenye miti iliyosongamana.

Sasa tuangalie ramani yetu. Magharibi ya Beni kuna msitu mkubwa wa Ituri, nyumbani kwa tembo wa msitu. Mashariki na kusini, kuanzia Ishango kuzunguka ziwa Edouard mpaka hifadhi ya Queen Elizabeth upande wa Uganda, ni majani na vichaka, nyumbani kwa tembo wa savana. Bonde la Semliki liko katikati. Sisi tuko mahali ambapo vitambaa viwili vimeshonwa pamoja, na kwenye mshono nyuzi huchanganyika. Mpaka huu wa Kongo na Uganda ni moja ya sehemu ambazo watafiti wameonyesha wazi kabisa kwamba aina hizi mbili zinazaliana. Ng'ambo ya Rwenzori, katika hifadhi ya Kibale karibu na Fort Portal, walichukua mavi ya tembo, wakapima ADN yake, yaani ile alama ya ukoo ambayo kila kiumbe anaibeba mwilini, wakakuta metisi wengi. Na metisi hawa wanazaa. Si kama nyumbu wa punda na farasi, ambaye ukoo wake unakwisha naye.

Kwa nini wamechanganyika? Sababu moja inayotajwa ni sisi watu. Miaka ya 1970 na 1980 tembo waliuawa kwa wingi Uganda kwa ajili ya pembe, na waliobaki wa savana wakakimbilia ndani ya misitu. Huko wakakutana na jamaa zao. Kwa hiyo metisi huyu tunayemlaumu ni mtoto wa wakimbizi, kwa sehemu. Wengi wetu hapa tunajua maana ya kukimbia.

Neno moja la muhimu: huwezi kumjua metisi kwa macho. Mwingine ana mwili wa savana na masikio ya msitu, mwingine anafanana kabisa na upande mmoja wakati damu yake ni ya pande mbili. Watafiti wenyewe wanahitaji maabara. Mtu aliye shambani saa nane ya usiku, na mvua inanyesha, anaona kivuli tu. Anayesema "huyu ni metisi" anakisia.

Wenzetu wa Marekani na koyoti

Ubishi kama huu uko mahali pengine pia. Marekani kuna mnyama anayeitwa koyoti, wa familia ya mbwa, mkubwa kidogo kuliko bweha. Wale wa mashariki ya nchi ile wamechanganyika na mbwa mwitu na hata na mbwa wa nyumbani. Wanakamata kondoo na kuku, na wafugaji wanawachukia. Katika sehemu nyingi inaruhusiwa kuwapiga risasi karibu mwaka mzima. Lakini katika jimbo la North Carolina kuna mbwa mwitu mwekundu, mnyama aliyebaki kidogo sana duniani, naye anafanana na koyoti na anazaliana naye. Wawindaji wakawa wanapiga mbwa mwitu wakidhani ni koyoti. Mwaka 2014 mahakama ikasimamisha uwindaji wa koyoti katika kaunti tano ambako mbwa mwitu huyo anaishi. Baadaye mwaka uleule wakapatana kwamba usiku hakuna kuwinda koyoti huko. Wengine walifurahi, wengine walikasirika, na mpaka leo wanabishana.

Tunaleta habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza mmeshaiona: gizani hakuna anayechagua vizuri. Ya pili ni kwamba koyoti wanaopigwa sana huweza kuzaa watoto wengi zaidi, kwa kuwa waliobaki wanapata chakula na nafasi. Ndiyo maana miaka mingi ya risasi haikuwamaliza. Tembo yuko kinyume kabisa. Mimba yake ni miezi 22. Yule wa msitu anaweza kufika miaka 20 na zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kisha anapumzika miaka mitano au sita. Koyoti ukimuua atarudishwa na mwaka ujao. Tembo ukimuua, kijana wako atakuwa mtu mzima kabla pengo halijazibika.

Mtu atasema: basi vizuri, wapungue. Tulisikia hivyo pia. Lakini walishapungua, na mashamba hayakupona. Miaka ya 1950 tembo wa Virunga walihesabiwa kwa maelfu. Katika hesabu za miaka ya 2000 walikuwa mia chache tu, na hata hao wachache waliendelea kula mahindi ya watu. Mwaka 2020 hifadhi ilitangaza kwamba tembo karibu 580 wamevuka kutoka Queen Elizabeth wakaingia upande wetu. Kwa hifadhi ilikuwa sikukuu. Kwa mwenye shamba karibu na mpaka, habari ile ilikuwa na upande wa pili, na tunaona upande huo haukuzungumzwa vya kutosha.

Sheria inasemaje

Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 juu ya uwindaji, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira, hazimpi mkulima ruhusa ya kuwinda tembo, wala hazina mlango wa kutokea kwa ajili ya metisi. Mkataba wa CITES, ambao Kongo iko ndani yake, unamhesabu mnyama aliyechanganyika pamoja na mzazi wake anayelindwa. Pembe ya metisi ikikutwa nyumbani kwako, hakuna askari atakayeuliza masikio yake yalikuwa ya mviringo au mapana. Mtu anayeokoa maisha yake mbele ya tembo aliyemvamia, hiyo ni habari nyingine. Lakini anaenda kueleza mara moja kwa chefu na kwa ICCN, na nyama na pembe hazigusi.

Na kuna jambo ambalo halimo katika sheria yoyote ya wanyama. Tangu mwezi Oktoba 2014 teritware ya Beni imeona mauaji ya raia ambayo hatuna haja ya kuwasimulia. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Mlio wa bunduki usiku shambani unaleta wanajeshi, au unaleta watu wabaya zaidi, na kijiji kizima kinakimbia porini na watoto. Tembo amekula robo ya hekta. Risasi moja inaweza kukimbiza mavuno yote ya kijiji.

Sasa tufanye je?

Hatutaki kuandika somo la kumpenda tembo. Mtu aliyeamka akakuta migomba yake imelala chini ana haki ya hasira, hasa akiwa na deni la mbegu. Uganda, kwa sheria yao ya wanyama ya mwaka 2019, wameweka mfuko wa fidia kwa walioharibiwa mali. Tunaona wakulima wa Kongo wana haki ya kudai kitu kama hicho, na koperative ndiyo yenye sauti ya kukidai. Lakini kudai bila daftari ni kelele. Tutarudi hapo.

Jambo la kwanza la shamba ni mpangilio. Mahindi, ndizi, muhogo na viazi vitamu ndivyo vinavyomwita tembo. Shamba la mahindi lililo peke yake ndani ya vichaka ni kama sahani iliyowekwa mlangoni. Wanachama wenye mashamba jirani wakubaliane kulima kwa kipande kimoja kikubwa, chakula kikae katikati upande wa nyumba, na ukingo unaoangalia pori upandwe pilipili, tangawizi au kahawa, vitu ambavyo tembo havimvutii. Atakanyaga, ndiyo, lakini hana sababu ya kukaa. Na mavuno yafanyike pamoja: wa mwisho kuvuna ndiye anayelipa kwa niaba ya wote.

Pilipili ina kazi ya pili. Saga pilipili kavu, changanya na mavi mabichi ya ng'ombe au ya tembo mwenyewe, finyanga kama matofali, kausha juani. Jioni weka kaa la moto juu ya tofali, upande ambao upepo unapeleka moshi porini. Linaungua polepole kwa saa nyingi. Njia nyingine ni kupaka kamba na vitambaa kwa pilipili iliyochanganywa na mafuta machafu ya injini. Kwetu kuna tatizo la mvua: inasafisha, kwa hiyo rudia kila baada ya mvua kubwa. Funga pua na macho unaposaga, na watoto wasikae karibu.

Uzio wa mizinga ya nyuki umejaribiwa sana Kenya, huko Sagalla karibu na Tsavo. Mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba kila mita 10, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Kwa tembo kumi waliokaribia, karibu wanane waligeuka. Si lazima mizinga yote iwe ya kweli, unaweza kupishanisha na ya bandia ili kupunguza gharama. Wale wa bondeni Semliki wanaweza kujaribu. Kwenye miinuko ya kuelekea Butembo, usiku ni baridi na nyuki wanakuwa wazito, kwa hiyo msitegemee hiyo peke yake. Asali mtauza, hilo angalau halina ubishi.

Umeme pia upo. Hifadhi ya Virunga imejenga uzio wa umeme upande wa Rutshuru, na Uganda wanao, pamoja na mitaro. Unasaidia kweli, lakini waya unaofungwa kijiji kimoja unapeleka tembo kijiji cha pili. Kabla ya kuomba uzio, kaeni na jirani zenu kwanza. Tumeona urafiki ukivunjika kwa jambo hili.

Kulinda usiku kwa moto na kupiga masufuria ni desturi ya zamani na inafanya kazi, ila leo inataka akili. Walinzi wasipungue wanne, wasiende mbali na nyumba, majina yao yaandikwe kwa chefu wa lokalite, na wanajeshi walio karibu waambiwe mapema moto ule ni wa nani. Pale ambapo usalama ni mbaya, msilale shambani. Mahindi yatapandwa tena.

Kuhusu daftari. Kila koperative inunue moja la karatasi ngumu, litunzwe na katibu. Tembo akiingia, asubuhi ileile andikeni: tarehe na saa, jina la mwenye shamba, zao, upana ulioharibiwa kwa hatua za miguu, tembo walikuwa wangapi, walitoka upande gani na wakaondokea wapi. Kama kuna simu, pigeni picha ya nyayo ukiweka panga kando yake kuonyesha ukubwa. Nakala moja kwa chefu wa grupema, moja kwa ICCN, moja kwa agronomu. Msiandike "metisi" wala "wa msitu", andikeni "tembo". Wawakilishi wetu watapita mwanzoni mwa msimu wa kupanda kuyasoma madaftari hayo pamoja nanyi, ili tujue njia zao ni zipi na nani alimiwe upya ukingo wake kwanza.