Kabla Hujashika Usukani wa Gari la Majitaka

Wadogo zangu wa Garsen, Minjila mpaka Kipini, mmoja wenu amepata tajiri anayetafuta dereva wa eksosta, lile gari la kunyonya majitaka. Anaogopa harufu na maneno ya watu, anauliza akubali au akatae.

Harufu utaizoea, mdogo wangu. Maneno nayo yaache yapite. Choo kikijaa, hao hao ndio watakaokupigia simu. Cha kuogopa ni mzigo. Lita 10,000 ni kama tani 10, na tani hizo hazitulii. Ukifunga breki, maji yanakimbilia mbele na kulisukuma gari. Ukikata kona kwa kasi, yanalalia upande mmoja, lori likapinduka. Tanki la nusu ndilo sumbufu zaidi, maana maji yana nafasi ya kuyumba. Punguza mwendo kabla hujafika kwenye kona. Na mvua ikinyesha, usitoke barabarani ovyo. Udongo wa delta yetu ya Mto Tana ukilowa haubebi lori.

Kisha kuna gesi. Shimo la choo hutoa haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Ikizidi, pua hufa ganzi, kwa hiyo usiposikia harufu usidhani uko salama. Paipu ikiziba, usiingie shimoni wala ndani ya tanki, hata kama utingo wako ameanguka humo. Najua utaumia moyo, lakini anayemfuata mwenzake huko mara nyingi hufa naye. Piga kelele, ita waokoaji wenye vifaa. Sigara nayo iwe mbali, kwa sababu shimo hutoa pia methani, gesi inayowaka.

Sasa lile linalonikaa rohoni: utamwaga wapi? Iko siku utaambiwa safari ni ndefu na mafuta ni ghali, fungulia hapo vichakani. Kataa, mdogo wangu. Mto Tana ndio tunaoutegemea sote: Wapokomo wanalima kando yake, Waorma na Wardei wananywesha mifugo. Mwaka 2024 mto ulifurika, na kipindupindu kikazuka katika kaunti yetu ya Tana River. Kinyesi kikifika majini, wa kwanza kuugua ni watoto wetu wenyewe. Kanuni za taka zinataka msafirishaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, abebe hati ya mzigo, na amwage mahali palipoidhinishwa tu.

Basi kazi ichukue, ni ya heshima, bora uwe na leseni ya kuendesha lori. Lakini kwanza muulize tajiri: leseni ya NEMA iko wapi? Tunamwaga wapi? Glavu, buti na chanjo za pepopunda, homa ya matumbo na homa ya ini analipa nani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Akikujibu waziwazi, chukua ufunguo. Akilikwepa swali la kumwaga, muage kwa adabu ukatafute lori jingine.