Kumfunza Kasuku Adabu

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni ndege wa misitu ya Afrika, tangu nchi za magharibi hata magharibi ya Kenya. Amesifiwa sana kwa kuiga maneno ya watu. Lakini kumfundisha kusema si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kumfunza adabu. Asiyefunzwa hupiga makelele na kuuma vidole, hata wenyewe wakachoka naye, wakampa mtu mwingine, na huyo naye akampa mwingine. Na kwa kuwa kasuku aweza kuishi miaka 40 au zaidi, taabu hiyo ni ya siku nyingi. Yafaa kujua kwamba mara nyingi kosa si la ndege, bali ni la mwenye ndege.

KELELE. Porini kasuku hukaa kwa makundi, na huitana kulipopambazuka na jua linapokuchwa. Kelele za nyakati hizo ni maumbile yake, wala hazikomeshwi. Kelele mbaya ni zile za kutaka kuangaliwa. Ndege apigapo ukelele, mwenyewe humkimbilia akisema, “Nyamaza!” Kwa kasuku, kukaripiwa ni sawa na kuitikiwa, naye kesho atazidisha. Dawa yake ni kumwacha mpaka anyamaze, ijapokuwa kwa kitambo kidogo, kisha kumwendea upesi na kumpa karanga moja au neno la upole. Watu wote wa nyumbani na wafuate desturi hiyo, maana mmoja akiivunja, kazi ya wote hupotea.

KUUMA. Kasuku hapigwi kamwe. Akipigwa hajifunzi adabu. Hujifunza kuuogopa mkono, na ndege mwenye hofu huuma zaidi. Kabla ya kuuma huonyesha dalili: manyoya ya shingo husimama, mwili hukakamaa, na mboni za macho hupanuka na kusinyaa upesi. Mtu azionapo dalili hizo, na auondoe mkono taratibu, angoje hata ndege atulie.

KUPANDA MKONONI. Kwanza kasuku apewe mbegu za alizeti kwa mkono siku kadha wa kadha, mpaka auzoee. Kisha kidole kiwekwe mbele ya kifua chake, juu kidogo ya miguu, na neno “Panda” litamkwe kwa sauti ya upole. Akipanda, apewe tuzo papo hapo, maana tuzo ikichelewa hajui ni ya nini. Dakika 5 au 10, mara mbili kwa siku, zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Faida ya subira ilionekana Marekani. Mwaka 1977 mtaalamu Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago, akamwita Alex. Watu wawili walikaa mbele yake. Mmoja alionyesha kitu na kuuliza jina lake, na mwenziwe alipojibu sawasawa alipewa kitu hicho. Alex akatazama, akatamani, akajifunza. Kabla ya kufa mwaka 2007 alikuwa ameweza kutaja rangi na maumbo ya vitu, na kuhesabu hata sita.

Adabu haipatikani kwa ndege mwenye dhiki. Kasuku ahitaji tundu kubwa, usingizi wa saa 10 hata 12, vijiti vya kutafuna, na mtu wa kumchangamsha kila siku. Aachwaye peke yake huenda akajinyonyoa manyoya. Asipewe parachichi wala chokoleti, kwani ni sumu kwake.

Tena, kasuku asinunuliwe kwa mtegaji. Mwaka 2016 mataifa ya mkataba wa CITES yalipiga marufuku biashara ya kuwapeleka nchi za nje kasuku wa kijivu waliokamatwa porini, kwa sababu walikuwa wakipungua sana. Na katika Kenya hakuna ruhusa ya kumfuga bila kibali.

Anayemfuga kwa halali na akumbuke kwamba kasuku hurudisha alichopewa. Nyumba yenye matusi itayasikia matusi yake mbele ya wageni. Na nyumba yenye upole, kadhalika, itausikia upole wake.