KUBANDIKA NA KUBANDUA: NAMNA YA KUANGIKA PAZIA BILA NYUNDO WALA MSUMARI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa kuta zina masikio. Mimi naongeza kwamba dirisha lisilo na pazia lina macho. Sisi wanafunzi wa kutwa twaijua vyema taabu hii. Jioni ukiwasha taa ili ufanye kazi ya ziada, kila apitaye nje hukuona wewe, vitabu vyako na hata sufuria ya chakula. Alfajiri msichana akitaka kuvaa sare hana budi kujibanza nyuma ya mlango. Na usiku kucha ile taa kubwa ya mtaani tuiitayo mulika mwizi humwaga mwangaza wake kitandani, usingizi ukaruka, na kesho yake mtu akasinzia darasani.

Dawa ya haya yote ni pazia. Lakini wengi wetu twaishi katika nyumba za kupanga, na baadhi ya wenye nyumba hawataki kabisa kusikia mlio wa nyundo. Siku ya kuhama, kila tundu la msumari huhesabiwa na pesa zake hukatwa kwenye dipoziti. Hata pale ambapo ruhusa ipo, ukuta wa mawe na simiti huukunja msumari wa kawaida, na si kila jamaa aliye na drili.

Siku hizi kuna vishikizo vya gundi. Hivi ni vipande vya plastiki au chuma chepesi ambavyo hushika ufito wa pazia. Mgongo wake ni bapa na una utepe wenye gundi pande zote mbili. Unabandua karatasi, unabandika ukutani, kazi kwisha. Ati ni rahisi hivyo? Watu wengi hubandika leo na kesho asubuhi wakakuta pazia sakafuni, kisha wakailaumu gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini pazia huanguka, na namna ya kuliangika lisianguke.

1. LUGHA KWANZA

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, tuanze na vitenzi. Tazama jozi hizi: anika na anua, funika na funua, ezeka na ezua, angika na angua, bandika na bandua. Kitenzi cha kwanza hutenda, cha pili hutendua. Hii ndiyo kauli ya kutendua tuliyofundishwa. Lugha yetu imeona kwamba kazi nyingi zina kwenda na kurudi: aanikaye nguo ndiye azianuaye mvua ikinyesha.

Kishikizo kizuri cha gundi ni lazima kitimize pande zote mbili. Kishike imara mpaka siku utakayotaka kukiondoa, na siku hiyo kikubali kutoka bila kuchukua rangi ya mwenye nyumba. Gundi kali mno, kama ile ya matone ya kugandishia viatu na vikombe, haifai hapa. Inajua kubandika lakini haijui kubandua.

Jambo hili liliwahi kuwasumbua watu wengine. Miaka ya 1920 huko Marekani, wapaka rangi wa magari waliotaka rangi mbili katika gari moja walikuwa wakifunika sehemu moja kwa karatasi na gundi. Walipoibandua, rangi nayo ilibanduka. Mwaka 1925 Richard Drew, mfanyakazi wa kampuni ya 3M katika jimbo la Minnesota, alitengeneza utepe wa karatasi ulioshika kiasi cha kutosha na kutoka bila kuharibu rangi. Mwaka 1930 akaleta utepe wa kuonekana ndani, ndugu ya seloteipu yetu. Kwa hiyo mpangaji anayeogopa kukatwa dipoziti ana tatizo la zamani.

2. GUNDI HAISHIKI UKUTA

Shika jambo hili kuliko mengine yote: gundi haishiki ukuta, inashika ngozi ya ukuta. Ikiwa ukuta umepakwa rangi, gundi inashika rangi. Ikiwa juu ya rangi kuna vumbi, gundi inashika vumbi. Kama ngozi hiyo imelegea, itatoka pamoja na kishikizo hata kama gundi ni ya bei ghali namna gani. Nyumba njema si mlango, na ukuta mzuri si rangi inayong'aa. Sharti uupime.

Kipimo cha kwanza ni cha kiganja. Sugua ukuta kwa kiganja kikavu. Ukiona kimekuwa cheupe kama umeshika chaki, hiyo ni chokaa au rangi ya maji iliyochakaa. Usibandike hapo.

Kipimo cha pili ni cha seloteipu. Bandika kipande cha urefu wa kidole mahali pasipoonekana sana, kikandamize vizuri, kisha kivute kwa ghafula. Tazama upande wa gundi. Ukiwa safi, ukuta unafaa. Ukiwa na unga au magamba ya rangi, ukuta umekujibu.

Nilivifanya vipimo hivi nyumbani kwetu mahali patatu. Ukutani, seloteipu ilitoka na unga mweupe. Kwenye kioo ilitoka safi. Kwenye fremu ya chuma ya dirisha, iliyopakwa rangi ya mafuta, ilitoka safi pia na ilikataa kidogo kabla ya kuachia. Jibu nikalipata: kishikizo chetu kikae kwenye fremu. Madirisha mengi ya nyumba zetu yana fremu kama hizo, na watu huziruka wakakimbilia ukuta.

Kuta nyingine nazo tuzitaje. Ukuta wa udongo haufai hata kidogo. Mabati yenye migongo hayafai kwa kishikizo kipana kwa kuwa hugusa mgongo tu, na gundi isiyogusa haishiki. Mbao iliyopigwa randa na kupakwa vanishi inafaa. Vigae vinafaa sana.

3. NGUVU ZINAZOVUTA PAZIA

Hapa tuombe msaada wa Fizikia. Bandika kipande cha seloteipu juu ya dawati lako. Kwanza kivute sambamba na dawati, yaani kama unayetaka kukiburura. Kitakataa. Sasa inua ncha yake moja na uvute kuelekea juu. Kitabambuka kama ganda la ndizi. Gundi ni ile ile, mkono ni ule ule, ila njia ya kuvuta imebadilika. Ukiburura, gundi yote husaidiana. Ukibambua, ni mstari mwembamba tu wa gundi unaopigana, na ukishindwa unaofuata hushindwa vile vile.

Uzito wa pazia huvuta chini sambamba na ukuta, na hilo gundi hulimudu. Lakini ufito haugusani na ukuta, umesimama mbele yake. Hapo kishikizo hugeuka wenzo. Ukingo wake wa chini huwa egemeo, na ukingo wa juu huanza kubambuliwa.

Chukua mfano. Pazia na ufito wake vina gramu 600. Vishikizo viwili vikigawana, kila kimoja hubeba gramu 300, yaani takriban nyutoni 3. Tuseme ufito uko sentimita 6 kutoka ukutani, na mgongo wa kishikizo una urefu wa sentimita 3 kutoka chini hadi juu. Kwa makadirio, 3 mara 6 ni 18, na 18 gawanya kwa 3 ni 6. Ukingo wa juu unavutwa kwa nyutoni 6, mara mbili ya uzito wenyewe! Sasa chukua kishikizo chenye mgongo wa sentimita 6. 18 gawanya kwa 6 ni 3. Ukisogeza na ufito karibu na ukuta hadi sentimita 3, yabaki nyutoni 1 na nusu. Gundi haijabadilika, ila mzigo wake umepungua mara nne.

Kwa hivyo unaponunua, chagua kishikizo kirefu kwenda juu, kinachoshika ufito karibu na ukuta. Soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti, na wewe ukiangike nusu ya huo, kwa sababu mtu akivuta pazia kwa ghafula nguvu huongezeka. Kama huna mizani, tundika mfuko wenye pazia upande mmoja wa henga na pakiti ya sukari ya nusu kilo upande wa pili, kisha uishike henga katikati. Upande mzito utashuka. Leso au kitambaa chepesi kinafaa. Pazia zito la sebuleni au lile la kuviringisha lenye mbao litahitaji vishikizo vitatu au vinne, au tuseme ukweli, litahitaji fundi.

4. HATUA ZA KAZI

(a) Chagua siku ya ukavu. Ukuta uliotoka jasho la mvua au mvuke wa kupikia haushikiki.

(b) Safisha mahali pa kubandika. Ukuta ulio karibu na jiko huwa na utando wa mafuta na masizi usioonekana. Ufute kwa kitambaa chenye spiriti isiyo na mafuta, uache ukauke. Maji ya sabuni huacha utelezi, kwa hivyo yasiwe ya mwisho. Spiriti hushika moto upesi. Usiitumie karibu na jiko, mshumaa au koroboi.

(c) Pima kwa uzi na rula ya sentimita 30. Usipime kutoka darini, kwani dari nyingine zimeinama. Pima kutoka ukingo wa juu wa dirisha, pande zote mbili sawasawa, utie alama kwa penseli. Jicho la mtu hulinganisha pazia na dirisha. Hakikisha pia ufito hautazuia komeo ya dirisha.

(d) Bandua karatasi bila kugusa gundi kwa vidole, kwa maana vidole vina mafuta. Bandika kwenye alama na ukandamize kwa dole gumba kwa nguvu zako zote, sekunde 30 au zaidi. Gundi ya namna hii huamshwa na mgandamizo. Usikibandue ili ukirekebishe.

(e) Subiri. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Gundi huendelea kutambaa katika vijishimo vidogo vya rangi polepole, na tepe nyingi za povu hufikia nguvu zake kamili baada ya saa 72 hivi. Fuata maagizo ya pakiti, na kama hayapo, ngoja angalau usiku mmoja. Haraka haraka haina baraka.

(f) Tia ufito na pazia. Unapolifungua, lisukume kwa mkono ulio juu karibu na ufito. Ukilivuta kwa pindo la chini, unakibambua kishikizo kila asubuhi.

5. SIKU YA KUBANDUA

Kama utepe una mkia wa kuvutia, ushike mkia huo na kuuvuta chini polepole, sambamba na ukuta. Utepe utarefuka na kuwa mwembamba hadi uachie wenyewe. Usiuvute kuelekea kwako, maana huko ni kubambua rangi. Kama hauna mkia, weka kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa juu ya kishikizo kwa dakika chache ili gundi ilegee, kisha pitisha uzi imara nyuma yake na uukereze kama msumeno. Mabaki yaviringe kwa kidole mpaka yatoke.

6. UKUTA UKIKATAA

Pengine utapima na kukuta kila mahali ni unga mtupu. Usilazimishe. Madirisha mengi yana vyuma vya kuzuia wezi, na kamba iliyokazwa vizuri kutoka chuma hadi chuma hushikilia leso bila gundi yoyote. Pia dirisha lililo ndani ya kina cha ukuta laweza kupokea ufito uliokatwa kwa kipimo na kubanwa kwa vipande vya mpira wa kandambili kila upande. Vilevile, pazia lisiwe karibu na jiko wala taa ya moto. Afadhali kuonekana kuliko kuungua.

Ndugu msomaji, pazia ni kitambaa tu, lakini nyuma yake mtu husoma, huvaa na hulala bila kutazamwa, hata kama nyumba si yake. Kabla hujatoa pesa dukani kununua gundi, nenda kwanza ukaulize ukuta.

ZOEZI

1. Toa jozi nyingine nne za vitenzi vya kutenda na kutendua.
2. Pazia na ufito vina gramu 800, vishikizo ni viwili, ufito uko sentimita 5 kutoka ukutani na mgongo wa kishikizo ni sentimita 4. Ukingo wa juu unavutwa kwa nyutoni ngapi?
3. Fanya kipimo cha seloteipu mahali patatu nyumbani kwenu. Ni wapi pangefaa kishikizo, na kwa nini?