Kulea Vitoto vya Mjusi wa Miamba Hapa Mwanza

Kilima kinapopasuliwa kwa ajili ya kokoto au msingi wa nyumba, wa kwanza kupoteza makazi ni mjusi wa miamba. Mnamfahamu: dume lina kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu iliyokolea, na watalii wanaovuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane humwita Spider-Man. Wanasayansi humwita Agama mwanzae, jina alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Vitoto vyake havina rangi hizo. Ni vya kahawia kama majike, ndiyo maana watu huvikanyaga bila kuviona.

Akina mama wanaogonga kokoto mtaani kwetu huniletea vile wanavyovikuta chini ya mawe. Kabla ya yote nilikwenda kwa maofisa wa wanyamapori kuomba ruhusa, na wewe fanya hivyo. Mnyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali.

Ukiletewa mayai, usiyageuze. Gamba la yai ni laini kama ngozi, na kijusi kilichokwisha kujishika upande mmoja kinaweza kufa ukipindua yai. Weka alama ya penseli upande wa juu, yafukie kwenye mchanga wenye unyevu kidogo ndani ya ndoo, kisha subiri. Huchukua miezi miwili hivi, pengine zaidi.

Kwa vitoto, jambo kubwa kuliko yote ni jua. Mjusi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya jua inayogusa ngozi yake, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia chokaa ya kujengea mifupa. Kioo huzuia mionzi hiyo. Kitoto kilichofungiwa kwenye sanduku la kioo sebuleni, hata likiwa jirani na dirisha, huanza kutetemeka, taya hulainika na miguu hupinda. Sisi wa Mwanza tunapata jua bure mwaka mzima, hatuna haja ya taa za bei mbaya. Tengeneza tundu la fremu ya mbao na wavu wa dirishani, liweke nje, na ndani panga mawe bapa yenye nyufa. Nusu ya tundu iwe kivulini muda wote, kwa sababu kitoto kisicho na pa kukimbilia hufa kwa joto haraka sana. Mimi hupima kwa kiganja: jiwe likiniunguza hata nishindwe kulishika, naongeza kivuli.

Chakula kiwe kidogo kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya kitoto. Sisimizi, mchwa, vitoto vya panzi na nzi wanatosha; nzi mimi huwanasa kwa chupa yenye vichwa vya dagaa. Siku za mwezi mwandamo, wadudu wa ziwani wanapoinuka juu ya maji kama moshi, chakula hujileta chenyewe kwenye taa ya kibarazani. Changanya aina. Chakula kisichofaa huua: kule Marekani kuna mjusi mwenye pembe ambaye hutegemea sana sisimizi wavunaji. Watu walimfuga kama kichezeo, wakamlisha wadudu wasio wake, na wengi walikufa kwa kudhoofika. Jimbo la Texas lilianza kumlinda kwa sheria mwaka 1967. Mara chache kwa wiki nyunyizia wadudu unga wa maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakaanikwa na kusagwa laini. Usichukue wadudu kwenye bustani iliyopuliziwa dawa.

Maji yanyunyize juu ya mawe asubuhi, wayalambe. Wengi hawatambui maji yaliyotulia kwenye kisahani.

Adui anayenitia hofu zaidi ni siafu. Mvua ikinyesha hupita usiku kwa maelfu, na mjusi aliyefungiwa hana njia ya kutoroka. Miguu ya meza inayobeba tundu isimame ndani ya makopo ya maji, nawe hakikisha hakuna jani wala kamba inayogusa ukuta. Paka na kunguru huzuiwa na wavu imara. Pia tenganisha wakubwa na wadogo, maana wakubwa huwang'ata wenzao na kuwanyima pa kuota jua.

Usiwashikeshike. Kitoto kinachozoea mkono wa mtu hakitamkimbia mtoto mwenye manati. Kikishakuwa na mkia mnene na kukamata panzi chenyewe, kirudishe asubuhi jua likiwa limewasha mawe, karibu na pale kilipotoka, penye nyufa za kutosha. Na ukikuta mayai mahali ambapo hapajengwi wala kupasuliwa, tafadhali yafukie upya na uyaache hapo hapo.