Mbuzi Wanapotupa Mimba
Kijitabu cha kaya za wafugaji kuhusu Homa ya Bonde la Ufa

Mvua ikinyesha wiki baada ya wiki mpaka mabwawa yakafurika na majani yakafika magotini, mfugaji hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini ni mvua hizo hizo zinazoamsha Homa ya Bonde la Ufa. Dalili ya kwanza huonekana zizini kabla ya kufika hospitalini. Kondoo mmoja anatupa mimba, kesho yake watatu, na kabla juma halijaisha mimba zinatoka kundi zima, changa kwa pevu. Wanakondoo waliozaliwa wazima wanalegea na kufa ndani ya siku moja au mbili. Ng'ombe na ngamia nao hawasalimiki.

Ukiona hivyo, mtu wa kwanza kuujua mlipuko ni wewe. Daktari atajua baadaye. Wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya waliona mafuriko, mbu wengi kupita kiasi, mimba kutoka na damu puani mwa mifugo, wakautambua ugonjwa huu kabla maabara haijathibitisha chochote. Ujuzi wa namna hiyo uheshimiwe, na ufikishwe haraka kwa wanaohusika.

Unakotoka

Ugonjwa huu ulitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Virusi vyake vinaweza kukaa ndani ya mayai ya baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes. Mayai hayo hulala kwenye udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, yakingoja maji. Mafuriko yakija, mayai yanaanguliwa, na baadhi ya mbu hao huruka wakiwa tayari wamebeba virusi. Wanauma mifugo, mifugo inaugua, kisha mbu wa aina nyingine waliojaa msimu huo wanavichukua na kuvisambaza.

Ndiyo maana ugonjwa hupotea miaka mingi, hata vijana wakadhani ni hadithi za wazee, halafu ukarudi kwa kishindo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko mkubwa Kenya, Somalia na Tanzania. Mwaka 2000 ulizuka Saudi Arabia na Yemen. Mwishoni mwa 2006 ulirudi tena Afrika Mashariki, na katika mlipuko huo zaidi ya watu 100 walikufa Tanzania peke yake, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Mwaka 2016 ukaonekana Kabale, Uganda, na mwaka 2018 Rwanda.

Unavyoingia mwilini

Wengi wakisikia ugonjwa wa mbu hufikiria kuumwa na mbu tu. Mbu wanaambukiza kweli, kwa hiyo laleni kwenye chandarua. Lakini wengi wa wanaougua hupata virusi kwa kugusa damu, majimaji au viungo vya mnyama mgonjwa.

Fikiria mbuzi anayehangaika kuzaa usiku. Mama mwenye nyumba anashika tochi kwa mdomo, anaingiza mkono mtupu, anavuta kitoto kilichokufa. Kondo la nyuma linaanguka chini, anaokota na kutupa nyuma ya zizi, mbwa wanagombania. Anafuta mikono kwenye kanga, anarudi kulala. Kidole chake kilikuwa na mchubuko wa kuni za jana. Hapo virusi vimepata njia, na mama huyo hakufanya lolote ambalo mama yake hakulifanya.

Kwa hiyo tayarisheni vitu kabla ya kuvihitaji. Wekeni glavu za mpira nyumbani. Kama hakuna, vaa mifuko miwili ya plastiki kila mkono, imara na isiyotoboka, ifunge kifundoni kwa kamba. Funika pua na mdomo, kwa sababu matone ya damu huruka. Kitoto kilichokufa na kondo la nyuma vifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa na fisi hawatafukua, mbali na kisima. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji mengi mpaka viwikoni, na nguo zifuliwe kabla hazijavaliwa tena. Mjamzito na watoto wasikaribie kazi hiyo hata kidogo.

Kuhusu kuchinja mnyama mgonjwa, tunaelewa uchungu wake. Ng'ombe aliyelishwa miaka mitano anaanza kuzubaa, na mtu anasema bora tumuwahi kabla hajafa, angalau tupate nyama. Hapo ndipo hatari ilipo kubwa kuliko zote: kisu, damu ya moto, majirani wanaokuja kusaidia kuchuna. Nyama iliyoiva sawasawa haiambukizi, ila hakuna anayeifikia bila kupitia kwenye damu. Usimchinje wala usimuuze mnadani. Kumuuza ni kupeleka msiba kwa mchinjaji usiyemjua.

Maziwa yachemshwe mpaka yapande. Damu mbichi, kwa wenye mila ya kuinywa, iachwe msimu wote wa ugonjwa. Wazee wa boma ndio wenye nafasi ya kulisema hili likasikika.

Mtu akiugua

Siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa huanza homa ya ghafla, kichwa, maumivu ya misuli na viungo. Wengi hupona ndani ya wiki moja. Wachache sana hupata hali mbaya: kutokwa damu puani au kwenye fizi, kutapika damu, macho kuwa ya manjano, au kuchanganyikiwa na kupata degedege. Macho yanaweza pia kufifia wiki moja hadi tatu baada ya homa kuanza, mgonjwa akidhani amekwisha kupona. Hiyo nayo ni sababu ya kurudi hospitalini.

Homa hii hufanana sana na malaria. Ukifika kituoni usingoje kuulizwa. Sema una mifugo, sema imetupa mimba, sema ulimzalisha au ulimchinja mnyama gani na lini. Maneno hayo yanaweza kumfanya mganga aagize kipimo kingine badala ya kukupa dawa ya malaria kwa mara ya tatu. Hakuna dawa maalumu ya virusi hivi, lakini maji, uangalizi na matibabu ya dalili huokoa maisha. Aspirini na diklofenaki zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha, kwani zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Neno kuhusu kupe

Mikononi mwa mfugaji upo ugonjwa mwingine wa kuogopwa: homa ya Kongo na Krimea, inayoletwa na kupe na ambayo imekuwa ikijitokeza Uganda. Mnyama mwenye virusi hivyo haonyeshi dalili, na binadamu akiugua anaweza kumwambukiza anayemuuguza kupitia damu na majimaji ya mwili. Usipasue kupe kwa kucha. Peleka mifugo kwenye josho kwa ratiba.

Chanjo

Kwa binadamu bado hakuna chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa iliyoidhinishwa. Kwa mifugo ipo, na wakati wake ni kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja inayohama kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuusambaza zaidi. Chanjo ya virusi hai iliyozoeleka inaweza kuwafanya wenye mimba waitupe, kwa hiyo mweleze afisa mifugo ni wangapi wanabeba. Utabiri wa hali ya hewa ukitaja El Niño, nendeni ofisini kwake kama kijiji kizima, mapema, mkaulize chanjo inafika lini.